Maisha Baada ya Bonge la Damu Mapafuni: Utangulizi wa Elimu ya Kupona kwa Watu wa Pwani

Elimu unayoingia inaanzia pale ambapo vitabu vingi vya tiba huishia, yaani siku mgonjwa anaporuhusiwa kutoka hospitali. Bonge la damu lililoziba mshipa wa mapafu limegunduliwa, sindano zimechomwa, hatari ya kufa imepungua. Sasa gari linamrudisha Bagamoyo, Kerege au Mapinga akiwa na mfuko wa vidonge na kadi ya kliniki. Nyumbani ndugu wamekusanyika, godoro limetandikwa, uji uko jikoni. Tangu hapo daktari atamwona kwa dakika chache baada ya wiki kadhaa. Saa nyingine zote ni za nyumba, na elimu hii ni ya saa hizo.

Nimewalenga wanafunzi wa uuguzi na utabibu, wahudumu wa afya ngazi ya jamii, wauzaji wa maduka ya dawa, na zaidi ya wote mgonjwa mwenyewe na yule anayemuuguza. Hoja yangu ni moja, na ndiyo itakayokuongoza katika kila sehemu: anayepona bonge la damu haponi kwa kujinyima, anapona kwa uthabiti. Dawa imezwe saa ileile, chakula kisibadilike ghafla, hatua ziongezwe wiki hadi wiki, kliniki isirukwe. Mambo haya yako ndani ya uwezo wa nyumba ya kawaida ya pwani, na mengi kati yake nyumba hiyo inayajua tayari.

Ugonjwa wenyewe

Damu ina kazi mbili: itiririke ndani ya mishipa, na igande haraka mahali mwili ulipokatwa. Mjerumani Rudolf Virchow, aliyefanya kazi Berlin katikati ya karne ya 19, alionyesha kwamba mabonge yanayokutwa mapafuni mara nyingi yamesafiri kutoka kwenye mishipa ya mbali, hasa ya miguu. Vyanzo vinavyohusishwa na jina lake hadi leo ni vitatu: mwendo wa damu kupungua, ukuta wa mshipa kujeruhiwa, na damu yenyewe kuelemea upande wa kuganda. Chanzo cha kwanza mtu wa Bagamoyo atakielewa akiutazama mto Ruvu unapokaribia bahari, maana maji yakipunguza mwendo, mchanga hutua. Vivyo hivyo mguu usiotikisika kwa siku nyingi huipa damu nafasi ya kutulia na kuganda. Kipande kikichomoka hupanda hadi upande wa kulia wa moyo, kisha husukumwa mapafuni na kukwama huko. Ndipo mtu anapokosa pumzi ghafla, kifua kinamchoma akivuta hewa, moyo unamwenda mbio, na pengine anaanguka.

Vyanzo hivyo vina sura tunazozijua. Kuna mama aliyejifungua juzi, kijana aliyevunjika paja kwa ajali ya bodaboda, mzee aliyefanyiwa upasuaji, na abiria aliyekaa kitini kutwa nzima kati ya Mwanza na Dar es Salaam. Kuna mwenye saratani, mwenye kifua kikuu, anayeishi na virusi vya UKIMWI, na mwenye selimundu. Selimundu inatuhusu sana, kwa kuwa inakadiriwa kuwa watoto wapatao 11,000 huzaliwa nayo nchini Tanzania kila mwaka. Tangu mwaka 2004 Profesa Julie Makani na wenzake pale Muhimbili wamewafuatilia wagonjwa hao kwa maelfu. Kazi yao imeonyesha kwamba ufuatiliaji wa miaka mingi unawezekana hapa kwetu, kwa watu wetu na kwa mikono yetu.

Elimu hii ilivyokua

Inafaa mwanafunzi ajue njia iliyotufikisha hapa, kwa sababu kila hatua yake imeacha somo linalotumika nyumbani.

Mwaka 1916 mwanafunzi wa udaktari wa Marekani, Jay McLean, alipata kutoka kwenye ini la mbwa kitu kinachozuia damu kuganda. Kazi hiyo ndiyo iliyofungua njia ya sindano za heparini. Katika miaka ya 1920, ng'ombe wa Marekani Kaskazini walikuwa wakivuja damu hadi kufa baada ya kula majani makavu yaliyoota ukungu. Karl Paul Link na wenzake wa Chuo Kikuu cha Wisconsin walikitafuta kisababishi na kukipata. Kutokana na utafiti huo ilitengenezwa warfarini, iliyouzwa kwanza mwaka 1948 kuwa sumu ya panya na kuanza kutumika kwa binadamu mwaka 1954. Historia hiyo isikuogopeshe. Inatufundisha kwamba dawa hii ni tiba kwa kiasi fulani na ni hatari ikizidi, na ndiyo maana inapimwa.

Kwamba dawa za aina hii huokoa maisha ya mwenye bonge mapafuni kulithibitika mwaka 1960, katika jaribio dogo lililofanyika Bristol, Uingereza. Kati ya wagonjwa 19 ambao hawakupewa dawa, 5 walikufa kwa mabonge mapya, na kati ya 16 waliopewa hakuna aliyekufa kwa sababu hiyo. Miaka ishirini kabla yake, London ilipokuwa ikipigwa mabomu mwaka 1940, daktari Keith Simpson aliona vifo vya mabonge ya mapafu vikiongezeka kwa watu waliolala wameketi vitini usiku kucha katika mahandaki. Somo la London na somo la Bristol ukiyaweka pamoja, unapata msingi wa matunzo ya leo: mpe mgonjwa dawa, kisha mwinue.

Katika miaka ya karibuni zimekuja dawa mpya za vidonge, zikiwemo rivaroksabani na apiksabani, ambazo hazihitaji kupimwa damu mara kwa mara. Shirika la Afya Duniani liliziingiza katika orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2019. Swali la watafiti nalo limesogea. Zamani waliuliza kama mgonjwa ataishi, na sasa wanauliza ataishi vipi. Utafiti wa Kanada uliochapishwa mwaka 2017 uliwapima wagonjwa mwaka mmoja baada ya bonge na kukuta karibu nusu yao hawajarudia uwezo wa kawaida wa mazoezi. Kwa wengi mapafu hayakuwa na kizibo kikubwa kilichobaki. Mwili ulikuwa umelegea kwa kutotumiwa, na mwili uliolegea kwa sababu hiyo hutibiwa kwa kutumiwa.

Dawa na saa yake

Jambo la kwanza la kueleweka nyumbani ni kazi ya vidonge. Vidonge hivi haviyeyushi bonge. Vinalizuia lisikue na vinazuia mengine yasizaliwe, wakati mwili wenyewe ukilimeng'enya lile la zamani kwa wiki na miezi. Ndiyo sababu mgonjwa anayejisikia mzima baada ya wiki 3 hajamaliza tiba. Muda wa chini ni miezi 3, na kwa ambaye bonge lake halikuwa na sababu ya kupita, huenda ukawa mrefu zaidi. Anayeamua dawa ikome ni daktari, si nafuu wala si kuisha kwa paketi. Familia ihesabu vidonge mapema, na ianze kutafuta vingine wiki moja kabla ya vya mwisho.

Kwa saa ya kumeza, pwani imejaliwa. Bagamoyo iko karibu na ikweta, na jua lake huchwa kwa tofauti isiyofika saa moja mwaka mzima. Anayeswali Magharibi au Isha ana kengele isiyoharibika. Asiyeswali anaweza kufunga kidonge chake na taarifa ya habari ya saa 2 usiku. Aliyesahau dozi ya mara moja kwa siku na kukumbuka siku ileile aimeze, lakini kesho yake asimeze mbili kwa pamoja. Rivaroksabani ya miligramu 15 au 20 imezwe pamoja na chakula, la sivyo mwili hauipokei vizuri.

Anayetumia warfarini anahitaji kipimo cha INR, kinachoonyesha damu inachelewa kuganda kwa kiasi gani, na kwa wengi namba inayotakiwa ni kati ya 2 na 3. Chini ya hapo bonge laweza kurudi, juu ya hapo damu yaweza kuvuja. Hapa muuzaji wa duka la dawa ana dhamana kubwa. Septrin na Flagyl, dawa zinazonunuliwa kila siku kwa kikohozi na tumbo, hupandisha namba hiyo sana. Rifampisini ya kifua kikuu huishusha, na hupunguza nguvu ya vidonge vipya pia. Diklofenaki, ibuprofeni na aspirini huongeza hatari ya kutokwa damu tumboni. Kwa maumivu ya kawaida, parasetamoli kwa kipimo chake ndiyo salama zaidi. Ombi langu kwa kila muuzaji kuanzia Bunju hadi Bagamoyo mjini ni swali moja kabla ya kutoa dawa yoyote: "Unatumia dawa ya kuzuia damu kuganda?"

Kuinuka na kutembea

Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji. Ni msemo wa huruma, na huruma hiyo imewafikisha wengi asubuhi ambayo wasingeifikia peke yao. Lakini kwa mgonjwa huyu huruma ya kumlaza inahitaji kuongozwa. Akishaanza dawa na daktari akamruhusu, mwache aende mwenyewe kuoga, achukue kikombe chake, atoke barazani. Kumfanyia kila kitu kunamwongezea udhaifu uleule tunaotaka umtoke.

Mwendo uanze mfupi na uongezwe polepole. Kwa mkazi wa Mji Mkongwe wa Bagamoyo, wiki ya kwanza inaweza kuwa kutoka mlangoni hadi mwisho wa mtaa na kurudi. Baadaye afike soko la samaki, kisha Boma la Wajerumani, kisha eneo la misheni ya Wakatoliki iliyopo tangu 1868. Magofu ya Kaole, kilomita 5 hivi kusini mwa mji, ni shabaha nzuri ya miezi ya baadaye. Kipimo cha kasi ni mazungumzo: anayetembea aweze kuongea sentensi nzima bila kukata. Pumzi ikikatika, asimame, apumzike, aendelee. Ufukweni atembee maji yakiwa yamekupwa, kwenye mchanga mgumu wenye unyevu, kwa sababu mchanga mkavu huchosha haraka. Atoke alfajiri au jioni, hasa miezi ya kaskazi joto linapobana. Akipita sokoni, akae mbali na moshi wa majiko ya kukaangia samaki. Sigara aiache kabisa, na ndani ya nyumba wengine wasivute.

Kukaa nako kuna kanuni yake. Pwani tunakaa sana na kwa furaha, iwe kwenye mkeka tukisuka ukili, barazani tukicheza bao, au jikoni kwenye mbuzi ya nazi. Kila baada ya saa moja mgonjwa ainuke, anyooshe miguu, azunguke ua. Safarini kwa basi ashuke kila linaposimama, akunje na kukunjua vifundo vya miguu akiwa kitini, na anywe maji bila kuogopa kuomba basi lisimame.

Sahani na saumu

Hakuna jambo linalopotoshwa zaidi ya mboga za majani. Mgonjwa wa warfarini huambiwa aache mchicha, matembele na kisamvu kwa kuwa vina vitamini K, ambayo hupingana na dawa yake. Anaziacha, namba ya INR inapanda, dozi inapunguzwa. Mvua za masika zikija mboga zinajaa sokoni kwa bei ndogo, anarudia kula bakuli zima, na namba inashuka hadi chini ya 2. Ushauri sahihi ni kula mboga kwa kiasi kinachofanana wiki hadi wiki. Dawa hurekebishwa ifuate chakula cha mtu, mradi chakula hicho kisiruke-ruke. Kwa anayetumia vidonge vipya, mboga hazina zuio hilo.

Kinachostahili kupunguzwa ni chumvi. Presha ikiwa juu kwa mtu anayetumia dawa hizi, hatari ya damu kuvuja ubongoni huongezeka. Samaki wabichi wapo, basi ng'onda awe wa mara chache. Mnazi na pombe kali zikizidi huvuruga dawa na kumwangusha mtu vibaya. Tangawizi ya chai na kitunguu saumu cha mchuzi, kwa kiasi cha kawaida, havina shida. Kunywa mizizi, vidonge vya mitishamba au glasi za tangawizi kwa nia ya tiba ni jambo la kumwambia daktari kwanza.

Kuhusu Ramadhani, mgonjwa azungumze na daktari mapema, mwezi wa Shaaban. Wiki za mwanzo baada ya bonge si wakati wa kufunga, na sheria ya dini ina ruhusa kwa mgonjwa. Baadaye, akiruhusiwa, dawa ya mara moja kwa siku hukaa vizuri kwenye futari, na ya mara mbili hugawanywa kati ya futari na daku kwa maelekezo ya daktari. Maji yanywewe usiku kwa wingi.

Mikono inayotibu

Nawaheshimu wakandaji na waganga wa pwani yetu, na ninawahitaji katika elimu hii, kwa sababu mara nyingi wao ndio wanaofikiwa kwanza na mwenye mguu uliovimba. Mguu mmoja uliovimba ghafla na kuuma usichuliwe, upelekwe hospitali. Kuuchua kunaweza kuliachia bonge likasafiri. Mgonjwa aliye kwenye dawa asipigwe chuku wala kuchanjwa, na aepuke sindano za maumivu za msulini. Kabla ya kung'oa jino au kufanyiwa tohara, atamke jina la dawa yake.

Mvuvi aliyechomwa na ndoana au mpishi aliyejikata abane jeraha kwa kitambaa safi bila kuachia kwa dakika 10 hadi 15. Kukwea minazi kusubiri. Juu ya bodaboda avae kofia ngumu kila mara. Aliyegonga kichwa aende hospitali hata kama anajisikia vizuri. Vivyo hivyo kwa choo cheusi cha rangi ya lami, mkojo mwekundu, au maumivu makali ya kichwa ya ghafla. Na zile dalili za mwanzo, yaani pumzi kukatika, kifua kuchoma, kukohoa damu au mguu kuvimba, zikirudi hazisubiri siku ya kliniki.

Wanawake

Wiki 6 baada ya kujifungua ni wakati ambao hatari ya mabonge iko juu sana, na ni karibu sawa na arobaini ambayo mzazi wa pwani hukaa ndani. Arobaini ina hekima yake: mama hulindwa, hulishwa, hupumzishwa. Tuiongezee jambo moja, mama atembee ndani ya nyumba na uani kila siku. Mwanamke aliyewahi kupata bonge achague uzazi wa mpango usio na estrojeni. Akitaka mimba aseme kabla, kwa maana warfarini hudhuru mtoto tumboni na vidonge vipya haviruhusiwi, hivyo hubadilishiwa sindano za heparini. Warfarini haimzuii kunyonyesha. Hedhi ikizidi kwa sababu ya dawa, asivumilie kimya, kwa kuwa upungufu wa damu nao hukata pumzi.

Hofu

Aliyewahi kukosa hewa hulala akijisikiliza. Kila mchomo wa kifua humrudishia usiku ule. Hofu hii ni sehemu ya ugonjwa, haimaanishi imani haba wala uoga. Husaidia kuitaja mbele ya mtu, kuwa na mwenza wa kutembea naye, na kuzijua dalili za hatari ili zisizo za hatari zipoteze nguvu. Lakini pumzi ikiwa bado fupi baada ya miezi 3 ya dawa, isihesabiwe kuwa hofu tu. Wagonjwa wachache hubaki na makovu yanayoziba mishipa na kuulemea moyo, na kwao kuna vipimo na tiba. Kipimo cha moyo kwa mawimbi ya sauti ndicho mwanzo, na Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, pale Muhimbili, ni mahali pa rufaa kwa kazi hiyo.

Kazi inayotungoja

Bagamoyo si mgeni wa sayansi ya kufuatilia watu kwa subira. Chanjo ya malaria ya RTS,S ilijaribiwa hapa kupitia Taasisi ya Afya Ifakara, na wazazi walirudi na watoto wao kwa vipimo mwaka baada ya mwaka. Moyo huohuo unatosha kuijenga elimu ya kupona bonge la damu. Wauguzi wetu wanaweza kuandika INR za wagonjwa wao masika na kiangazi na kuzilinganisha na mboga za sokoni. Wanafunzi wanaweza kupima umbali ambao mgonjwa anatembea kwa dakika 6, mwezi wa kwanza na wa sita. Mashekhe, mapadri na wakunga wanaweza kukaa meza moja na madaktari kupanga saumu, arobaini na dawa.

Wewe unayesoma kwa ajili ya mtu wako mmoja, anza leo na mambo manne: andika jina la dawa yake na dozi kwenye karatasi aibebe mfukoni, chagueni saa ya kumeza, chagueni njia ya kutembea, na hakikisheni tarehe ya kliniki inajulikana na zaidi ya mtu mmoja nyumbani. Mengine yote katika elimu hii yamejengwa juu ya hayo manne.